Mikono Iliyopishana: Ishara na Fumbo katika Siasa za Upinzani

Katika jamii za Waswahili mkono una msamiati wake. Anayeshika tama hahitaji kuulizwa kama ana huzuni. Mtoto anayeweka mikono kichwani hukemewa na wakubwa wake, kwani huo ni mkao wa mfiwa, na kuuiga bila ya sababu ni kuuita msiba. Anayenyanyua viganja vilivyofunuliwa hujulikana mara moja kuwa yumo katika dua. Hakuna anayefundishwa mambo haya darasani, na wala hakuna anayeyakosea. Hii ni lugha kamili yenye sarufi yake, na kama ilivyo kwa kila lugha, hufika siku ikatumiwa kusemea yale ambayo ulimi umekatazwa. Hapo ndipo ishara ya mkono inapovuka mpaka wa ada na kuingia katika upinzani, na hapo ndipo inapostahiki kuhakikiwa kama inavyohakikiwa kazi nyengine ya sanaa: kwa kutazama umbo lake, maana yake, mahali ilipotokea na watu iliowakusudia.

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili tayari unalo neno linalofaa kwa kazi hiyo, nalo ni fumbo. Fumbo ni usemi uliofungwa ili ufunguliwe na anayestahiki. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kwa mujibu wa methali hii, kila fumbo lina wasomaji wa namna mbili: yule anayekusudiwa afahamu, na yule anayekusudiwa apitwe. Mwanamke wa Unguja anayejifunga kanga yenye jina la kumkera jirani anaijua vyema kanuni hiyo. Hakutamka neno, na akiulizwa anaweza kujibu kwamba alipendezwa na rangi tu. Mshairi naye huweza kudai kwamba alikuwa akilisifu ua au akimlilia ndege.

Ishara ya upinzani inafanana na fumbo katika ufupi wake na katika kutegemea kwake ujuzi wa pamoja, lakini inatofautiana nalo katika jambo moja kubwa. Mtunzi wake hana pa kujificha. Aliyeunyanyua mkono wake mbele ya askari au mbele ya kamera hawezi kusema kwamba alikuwa akizungumzia ndege. Kwa hiyo, maana ya ishara ya namna hii ina sehemu mbili: ile inayosomwa katika umbo la mkono, na ile inayosomwa katika gharama anayoilipa mwenye mkono. Mhakiki akiitazama sehemu moja na kuiacha nyengine atapotea.

Suala lenye uzito zaidi linakuja baadaye, pale ishara inapoishi kuliko siku yake. Ziko ishara zilizozaliwa katika mateso zikaishia kuwa salamu za wenye madaraka, na ziko nyengine ambazo hadi leo zimebaki mikononi mwa walioonewa. Tofauti hii aghalabu huelezwa kwa historia peke yake: nani alishinda, nani alishindwa. Lakini umbo la ishara yenyewe nalo lina neno la kusema. Ziko ishara ambazo umbo lake humkaribisha mtawala azivae, na ziko ambazo mtawala akizivaa huwa amejishitaki mwenyewe.

Mfano ulio karibu na Afrika ya Mashariki ni wa tarehe 21 Agosti 2016, siku ya mwisho ya Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Katika mbio za marathoni za wanaume, Eliud Kipchoge wa Kenya alitwaa ushindi kwa muda wa saa 2, dakika 8 na sekunde 44. Sekunde 70 baada yake alifika Feyisa Lilesa wa Ethiopia. Alipoukaribia mstari wa mwisho, Feyisa aliinyanyua mikono yake juu ya kichwa na kuipishanisha penye vifundo, kama mtu aliyefungwa kamba. Aliirudia ishara hiyo mbele ya waandishi wa habari na wakati wa kutunukiwa medali yake ya fedha. Alieleza kwamba huo ulikuwa mkao wa watu wake, Waoromo, waliokuwa wakiandamana nyumbani, na kwamba akirudi huenda akauawa au akafungwa. Timu ya Ethiopia ilirudi Addis Ababa bila ya yeye.

Maandamano hayo yalikuwa yameanza mwezi wa Novemba 2015 katika jimbo la Oromia, kwa kupinga mpango wa kuupanua mji wa Addis Ababa kuelekea ardhi za wakulima. Serikali iliuacha mpango huo mwezi wa Januari 2016, lakini maandamano hayakukoma, wala risasi hazikukoma. Katika ripoti yake ya Juni 2016, shirika la Human Rights Watch lilisema kwamba watu zaidi ya 400 walikuwa wameuawa. Vijana waliokuwa wakiandamana walipishanisha mikono juu ya vichwa kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba hawakubeba silaha, na kwamba walijiona wafungwa katika nchi yao.

Umbo la ishara ya Feyisa linastahiki kutazamwa kwa utulivu. Mkimbiaji anayefika mwisho wa masafa marefu ana desturi yake: hufungua mikono, akaitandaza kama mbawa, akaupokea utepe au makofi ya watu. Watazamaji wameizoea picha hiyo kiasi kwamba wanaiona kabla haijatokea. Feyisa alikuja na kinyume chake. Pale palipotarajiwa mikono ya kufunguka palikuja mikono ya kufungwa. Miguu iliyokuwa imekimbia kilomita 42 kwa uhuru wote ilibeba kiwiliwili cha mfungwa. Katika ushairi mbinu ya namna hii hutambulikana: mtunzi huliacha sikio lingoje kina linachokijua, kisha akalipa chengine, na katika nafasi hiyo kati ya kilichongojewa na kilichokuja ndipo maana inapoingia.

Kwa msomaji wa pwani ipo tabaka nyengine tena. Mikono iliyo juu ya kichwa, kabla ya kuwa pingu, ni msiba. Feyisa hakuikusudia maana hiyo ya Kiswahili, lakini ishara nzuri huwa na uwezo wa kukutana na lugha zisizokuwa zake bila ya kuharibika. Aliyeitazama picha ile kutoka Unguja au Lamu aliona kwanza mtu aliyefiwa, kisha akaona mtu aliyefungwa, na hakuwa amekosea katika lolote kati ya hayo mawili.

Msomaji aliyeisoma ishara hiyo kwa makini kuliko wote alikuwa dola. Tarehe 2 Oktoba 2016, katika sikukuu ya shukurani ya Waoromo iitwayo Irreecha, huko Bishoftu, umma mkubwa ulipishanisha mikono hadharani. Polisi walitumia mabomu ya machozi, watu wakakimbia wakikanyagana, na serikali yenyewe ilitaja vifo zaidi ya 50, ilhali wapinzani wake walitaja idadi kubwa zaidi. Wiki moja baadaye ilitangazwa hali ya hatari, na miongoni mwa yaliyopigwa marufuku kwa kanuni zake mwezi huo huo ni kuipishanisha mikono juu ya kichwa. Jambo hili lisipitwe haraka. Dola iliyokuwa na majeshi, magereza na vyombo vya habari iliona haja ya kuandika katika kanuni zake namna ambavyo raia asiiweke mikono yake mwenyewe. Marufuku ni aina ya uhakiki: ni kukiri kwamba maana imefika. Aliyeiandika kanuni ile hakuwa mjinga wa methali. Alikuwa mwerevu aliyeligangua fumbo, kisha akataka wengine wasiligangue.

Wengi waliiona ishara ya Rio wakakumbuka ile ya Mexico City, na ulinganisho huo una haki yake. Tarehe 16 Oktoba 1968, siku 14 baada ya askari kuwafyatulia risasi wanafunzi katika uwanja wa Tlatelolco katika mji huo huo, Tommie Smith wa Marekani alishinda mbio za mita 200 kwa sekunde 19.83, rekodi mpya ya dunia. Peter Norman wa Australia alikuwa wa pili na John Carlos wa Marekani wa tatu. Katika jukwaa la washindi Smith alinyanyua ngumi ya kulia na Carlos ya kushoto, kila moja ikiwa ndani ya glavu nyeusi. Glavu zilikuwa jozi moja tu, kwa sababu Carlos alizisahau zake, na Norman ndiye aliyeshauri wagawane. Walivua viatu wakabaki na soksi nyeusi, alama ya ufakiri wa watu wao. Vichwa viliinama. Norman hakunyanyua mkono, lakini alivaa kifuani beji ya Mradi wa Olimpiki kwa Haki za Binadamu.

Kwa miongo mingi picha ile imesomwa kama picha ya ngumi, na usomaji huo umeidhulumu. Ngumi ni sehemu tu ya utungo. Ikiondolewa miguu isiyokuwa na viatu na vichwa vilivyoinama, hubaki tishio. Ikiwa pamoja navyo, huwa kitu kilicho karibu na sala ya mazishi. Smith mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2007, alisisitiza kwamba ilikuwa salamu ya haki za binadamu, na si ya Nguvu ya Watu Weusi kama ilivyopewa jina na magazeti. Avery Brundage, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alishinikiza wanariadha hao wawili watolewe katika kikosi cha Marekani na katika kijiji cha wanamichezo. Ni Brundage huyo huyo ambaye mwaka 1936, akiongoza kamati ya Olimpiki ya Marekani, hakuona tatizo katika salamu ya Kinazi mjini Berlin. Kwake mkono wa dola haukuwa siasa. Siasa ilianza pale raia aliponyanyua wake.

Norman naye alilipa. Hakupelekwa katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na Bunge la Australia lilimwomba radhi mwaka 2012, miaka sita baada ya kifo chake. Smith na Carlos walikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake mwaka 2006. Sanamu iliyosimamishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha San Jose State, walikosoma Smith na Carlos, imeiacha tupu nafasi yake kwa ombi lake mwenyewe, ili kila anayepita aweze kusimama pale. Katika historia nzima ya ishara za mikono, huenda mchango wenye busara kuliko yote ni huu wa mtu ambaye hakuunyanyua mkono wake.

Hata hivyo ngumi, ikitengwa na Mexico City, ina maisha mengine. Ni umbo linalobeba nguvu ndani yake, na nguvu haina mwenyewe wa kudumu. Ilinyanyuliwa na watetezi wa Jamhuri katika vita vya Uhispania vya 1936 hadi 1939. Ilinyanyuliwa na Nelson Mandela alipotoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Katika Zimbabwe ilikuwa ngumi ya wapigania uhuru, na baada ya uhuru wa mwaka 1980 ikawa ngumi ya chama tawala cha ZANU-PF. Wapinzani walipoanzisha chama cha MDC mwaka 1999 walilazimika kutafuta mkono mwengine, wakachagua kiganja kilichofunuliwa. Mtu aliyesimama barabarani Harare aliweza kutambulikana kwa vidole vyake tu: vimekunjwa, au vimekunjuliwa. Hapo ngumi haikubadili umbo hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba aliyeikunja sasa alikuwa na polisi. Umbo la ngumi halikumzuia, kwa sababu halikuwa na kitu ndani yake cha kumzuia.

Kenya inatoa mfano wa aina nyengine, ule wa ishara ya hesabu. Tangu mwaka 1982 Kifungu cha 2A cha katiba kiliifanya KANU kuwa chama pekee, na salamu ya chama hicho ilikuwa kidole kimoja. Waliotaka mfumo wa vyama vingi hawakuhitaji hotuba ndefu: waliongeza kidole cha pili. Katika miezi ya mapambano baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kutiwa kizuizini na baada ya Saba Saba ya 1990, vidole viwili vilivyonyanyuliwa katika umati vilitosha kumtia mtu mashakani. Ni fumbo la kupendeza kwa wepesi wake, kwani lilimjibu mtawala kwa msamiati wa mtawala mwenyewe na likamshinda kwa kujumlisha tu.

Lakini hesabu ina udhaifu wake. Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi wa Desemba 1991, na kwa siku hiyo vidole viwili vikawa vimekwisha kusema yote viliyokuja kuyasema. Havikuwa na jibu kwa suala lililofuata, yaani wawili hao ni nani. Mwaka 1992 FORD iligawika ikawa FORD-Kenya ya Oginga Odinga na FORD-Asili ya Matiba, na Mwai Kibaki alikuwa na chama chake cha DP. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1992 Daniel arap Moi alirudi madarakani kwa kiasi cha asilimia 36 ya kura, wengi wa wapigakura wakiwa wamemkataa lakini kwa mafungu mbalimbali. Ishara iliyodai wingi iliupata wingi huo, na wingi ukawa ndio ulioiangusha.

Vidole vinne vya Misri ni mfano ulio mzito zaidi, na kwa wasomaji wanaokijua Kiarabu ni mfano wa jinasi. Tarehe 14 Agosti 2013 vikosi vya usalama viliivunja kambi ya wafuasi wa rais aliyeondolewa, Mohamed Morsi, katika uwanja wa Rabaa al-Adawiya mjini Cairo. Human Rights Watch ilihesabu watu 817 au zaidi waliouawa. Uwanja huo unaitwa kwa jina la yule mwanamke mcha Mungu wa Basra wa karne ya 8, na jina lake linatokana na neno la Kiarabu la nne. Basi vidole vinne, kidole gumba kikiwa kimekunjwa kiganjani, vikawa jina la mahali, jina la walii na hesabu ya maiti kwa wakati mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo mchezaji wa Al Ahly, Ahmed Abdul Zaher, alivionyesha baada ya kufunga bao katika fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Klabu yake ilimsimamisha na kumweka sokoni.

Wakati wa kuomboleza haukuwa umemalizika pale ishara hiyo ilipohamia kwa mwenye madaraka. Recep Tayyip Erdoğan wa Uturuki aliinyanyua kwanza kwa kuwahurumia waliouawa, na baadaye akaipa tafsiri ya nchi yake: taifa moja, bendera moja, ardhi moja, dola moja. Vidole vilibaki vinne, kidole gumba kilibaki pale pale. Maiti wa Cairo ndio walioondoka. Hapa inaonekana kwa uwazi kabisa kwamba idadi ni chombo kitupu. Chochote kinachohesabika hadi nne kinaweza kutiwa ndani yake, hata sifa za dola, ijapokuwa ishara ilizaliwa siku ambayo dola iliua.

Vidole vitatu vya Asia ya Kusini Mashariki vina asili isiyotarajiwa, kwani vimetoka katika riwaya. Katika Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008 na filamu yake mwaka 2012, ishara hiyo ni ya shukurani, heshima na kumuaga mpendwa, na huonekana katika mazishi. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Thailand ya tarehe 22 Mei 2014, vijana waliichukua. Mwezi wa Novemba mwaka huo wanafunzi watano waliinyanyua mbele ya Prayuth Chan-ocha, mkuu wa utawala ule, huko Khon Kaen, wakakamatwa. Majeshi ya Myanmar yalipotwaa madaraka tarehe 1 Februari 2021, madaktari na wauguzi waliinyanyua wakiwa katika mavazi yao ya kazi, na tarehe 26 ya mwezi huo balozi Kyaw Moe Tun aliinyanyua katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, akiisaliti serikali iliyodai kumtuma na kuwa mwaminifu kwa watu waliomtuma hasa.

Wako walioibeza ishara hii kwa sababu ni ya kuazima, tena kutoka katika sinema ya kibiashara. Kauli hiyo haina nguvu. Nusu ya ushairi wa pwani umeazimwa, na hakuna anayeuona mdogo kwa hilo. Ishara haipati heshima kwa nasaba yake. Huipata kwa anayoyalipa aliyeinyanyua. Isitoshe, vijana hao waliazima kwa ustadi: katika ghala zima la picha za vita vya riwaya ile waliacha mishale na moto, wakachukua buriani.

Kutokana na mifano hii hoja inajitokeza yenyewe. Ngumi inabeba nguvu, na mwenye nguvu huichukua. Vidole vinabeba idadi, na mwenye idadi yake hukijaza chombo. Lakini mikono iliyopishana kama ya mfungwa inabeba hali, na hali hiyo ni ya upande mmoja tu. Hakuna kinachomzuia rais au jenerali kupishanisha vifundo vyake mbele ya umma, isipokuwa kwamba kila atakayemwona atauliza: nani amekufunga, nawe ndiye mwenye funguo? Ishara ya aliyefungwa haimkai mfungaji. Hii ndiyo sababu serikali ya Ethiopia ya mwaka 2016 haikujaribu kuinyakua. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuipiga marufuku.

Pingamizi moja lazima ijibiwe. Ziko ishara nyengine za aliyeonewa ambazo zimepata misukosuko, na kubwa ni ile ya mikono miwili juu, viganja mbele, iliyotoka Ferguson huko Marekani baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown tarehe 9 Agosti 2014. Waandamanaji waliamini kwamba Brown aliuawa akiwa amenyanyua mikono kujisalimisha. Mwezi wa Machi 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilihitimisha kwamba ushahidi wa kuaminika haukuthibitisha hivyo, na wasioipenda ishara wakaitangaza kuwa ni uongo. Siku hiyo hiyo, wizara hiyo hiyo ilitoa ripoti ya pili iliyoeleza kwa urefu namna polisi na mahakama ya Ferguson walivyowabagua wakaazi weusi. Kwa hiyo ishara ilikuwa na utata kuhusu dakika moja na ilikuwa kweli kuhusu mji mzima. Somo kwa mhakiki ni kwamba ishara iliyofungwa katika tukio moja huwa na uhai wa tukio hilo, ikitikisika nalo. Mikono ya Waoromo haikuwa ya mtu mmoja wala ya siku moja, ndipo ikawa haikuweza kukanushwa kwa ripoti.

Kuisifu ishara hii, hata hivyo, kusigeuke kuwa kuitwika isichokiweza. Hailindi dhidi ya risasi. Tena, kama vidole viwili vya Kenya, haisemi kitakachokuja baada ya kamba kukatwa. Mwezi wa Februari 2018 Waziri Mkuu Hailemariam Desalegn alijiuzulu, na mwezi wa Aprili Abiy Ahmed, mwenyewe mtoto wa Oromia, akashika nafasi yake. Wafungwa wa kisiasa walifunguliwa, waliokuwa uhamishoni wakaitwa. Mwezi wa Oktoba 2018 Feyisa Lilesa aliwasili Addis Ababa kutoka Marekani akapokewa kwa heshima. Ilionekana kwamba fumbo limefumbuliwa na kitabu kimefungwa. Tarehe 29 Juni 2020 mwimbaji Hachalu Hundessa, ambaye nyimbo zake zilikuwa sauti ya maandamano yale, aliuawa kwa risasi mjini humo. Zikafuata ghasia, mauaji ya raia wa makabila mbalimbali, na kukamatwa kwa watu wengi, wakiwemo wanasiasa waliokuwa wamerudi kutoka uhamishoni. Baadhi ya watu waliokuwa wamepishanisha mikono mwaka 2016 walijikuta wamepishanishiwa tena, safari hii na pingu za kweli, chini ya serikali waliyodhani kuwa ni yao.

Hilo halikuivunja ishara. Lilithibitisha kwamba haikuwa mali ya kabila, chama wala kiongozi, hata pale hao walipozaliwa ndani yake. Ngumi ya Harare ilimfuata aliyeshinda. Vidole vinne vya Cairo vilisafiri hadi Ankara vikapewa kazi nyengine. Mikono iliyopishana ilibaki pale ilipokuwa, upande wa nje wa mlango wa gereza na upande wa ndani pia, ikimngojea yeyote atakayekuwa na haja nayo. Mtawala mpya anaweza kuimba nyimbo za waandamanaji, kuvaa rangi zao na kulitaja jina la mwanariadha wao katika hotuba zake. Vifundo vyake haviwezi kupishana bila ya mtu kuuliza funguo zi kwa nani.